Kukarabati nyumba bila kukimbiwa na fundi: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Iwe ni Kiamunyi au Lanet kule Nakuru, au Mamboleo au Riat kule Kisumu, lalamiko ni lile lile. Bafu limebomolewa, zaidi ya nusu ya pesa imeshatoka, na fundi "yuko njiani" tangu Jumatatu. Ukimhoji mwenye nyumba vizuri utagundua kwamba shida haikuanza Jumatatu. Ilianza siku pesa ilipotangulia kazi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekarabati bafu, jikoni, dari au paa la nyumba ambayo watu wanaishi ndani. Mfano nitakaoutumia zaidi ni bafu, kwa sababu ndiko watu wanakoumia sana: maji, umeme na vigae vyote viko kwenye chumba kimoja kidogo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumpigia fundi simu

- Daftari gumu la kazi hii peke yake. Usiandike kwenye karatasi za kupeperuka.
- Tepu ya kupimia ya mita 5 na pimamaji fupi, hata ya sentimita 30.
- Sarafu ya shilingi 20, ndoo na penseli. Utaona kazi yake mbele.
- Chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya kupimia mchanga.
- Kufuli lako mwenyewe la stoo, na ufunguo ubaki kwako.
- Simu yenye nafasi ya picha, na laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Akiba ya dharura, angalau asilimia 15 juu ya bajeti. Nyumba ya zamani ikibomolewa haikosi la kukuonyesha.

Kama akiba hiyo huna, punguza kazi. Karabati bafu moja ulimalize kuliko kufungua mawili kwa pamoja.

## Hatua ya 1: Pima na uandike kazi mwenyewe

Fundi anayepewa maelezo ya "nitengenezee bafu liwe zuri" atakupa bei ya kubahatisha, kisha atadai nyongeza kwa kila kitu. Andika kinachobomolewa, kinachobaki, kinachowekwa, na vipimo vyake.

Hesabu ya vigae haihitaji shahada. Tuseme bafu lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.8, na unataka vigae ukutani hadi mita 2.1. Mzunguko wa kuta ni mita 7.6. Zidisha kwa 2.1, upate karibu mita 16 za mraba. Toa mlango wa mita 0.7 kwa 2.1, zibaki kama 14.5. Sakafu ni 3.6. Jumla ni mita 18.1 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, na unafika 20.

Sasa soma kwenye katoni imeandikwa mita ngapi za mraba. Ikiwa ni 1.5, unahitaji katoni 14. Ongeza moja ya akiba, kwa sababu vigae vya jina lile lile kutoka kundi jingine la kiwanda huweza kutofautiana rangi kidogo, na ukiviweka karibu karibu macho hayaoni kitu kingine.

Utajua umefaulu: fundi akisema "Mama, leta katoni ishirini na tano," una uwezo wa kumuuliza za ziada zinaenda wapi. Mwenye jibu zuri atakujibu. Huenda anataka kulaza vigae kimshazari, na hapo kweli vinakatika vingi.

## Hatua ya 2: Jua kama kazi ni ya fundi au inahitaji zaidi

Kubadilisha vigae, sinki, kabati na rangi ni kazi ya fundi mzuri. Kuondoa ukuta, kuongeza chumba au kubadilisha umbo la paa ni mambo mengine. Hapo unahitaji ushauri wa mhandisi na kibali cha kaunti. Fundi akikuambia "huu ukuta haubebi kitu" baada ya kuugonga tu kwa ngumi, mshukuru na umtafute mhandisi.

Ukiajiri mkandarasi, muulize nambari yake ya usajili katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Wakandarasi wamepangwa kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na 8 ndiyo daraja la kazi ndogo zaidi. Mtafute wewe mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka. Picha ya cheti kwenye WhatsApp si ushahidi wa kitu. Fundi wa umeme naye awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati.

Nyufa zina habari yake. Udongo mweusi wa upande wa Nyamasaria na nyanda za Kano hufura ukilowa na kunywea ukikauka, na ukuta huufuata. Nakuru kuna sehemu zenye udongo wa majivu ya volkano ambao maji huupenya na kuuacha ukitumbukia. Ukiona ufa wa mshazari unaopanuka, usikubali upigwe plasta na rangi kisha ulipishwe. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, na usubiri mvua. Ufa ukivuka alama, tatizo liko chini, na rangi haifiki huko.

Onyo: nyumba za zamani, hasa zile za mashirika, bado zina paa za asbesto. Usiruhusu fundi azivunje kwa nyundo wala kuzikata kwa msumeno. Vumbi lake huharibu mapafu. Uondoaji wake una utaratibu unaosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa hiyo anzia ofisi yao.

## Hatua ya 3: Waone mafundi watatu, na uone kazi zao za zamani

Picha za kazi mpya hazisemi mengi, kwa maana bafu lolote hupendeza wiki ya kwanza. Omba upelekwe kwenye kazi iliyomaliza angalau mwaka mmoja na kuonja mvua. Mwenye nyumba huyo muulize maswali mawili tu: je, alimaliza kwa bei mliyokubaliana? Na je, ulipompigia simu baada ya kumlipa, alishika?

Wape wote watatu orodha ile ile ya Hatua ya 1, ili ulinganishe bei za kazi moja. Bei ya chini sana kupita wenzake ina maana kuna kitu amekiacha nje. Mwulize ni kipi kabla hujafurahi.

## Hatua ya 4: Andikeni kandarasi ya ukurasa mmoja

Kisheria, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali. Kuyathibitisha ndiko kazi. Mazungumzo hapa huwa hivi:

"Mama, sisi tunaaminiana. Hizi karatasi za nini?"

"Naaminiana na wewe, fundi. Hii ni ya kutukumbusha sisi wawili."

Fundi anayeondoka kwa sababu ya karatasi amekuokolea pesa. Usimfuate.

Karatasi hiyo iwe na haya:

- Majina kamili, nambari za vitambulisho na mahali fundi anapoishi, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Hili la makazi watu hulipuuza, na ndilo litakalohitajika mambo yakiharibika.
- Orodha ya kazi na vipimo.
- Bei ya ufundi, na kama inajumuisha malipo ya vibarua. Fundi asipowalipa vibarua, watakuja kwenye lango lako wewe.
- Nani ananunua vifaa.
- Tarehe ya kuanza na ya kumaliza.
- Nani anatoa vifusi na kuvipeleka wapi.
- Awamu za malipo.
- Saini za wote wawili na za shahidi mmoja.

Ongeza na sentensi hii, neno kwa neno ukipenda: *"Kazi yoyote ya ziada italipwa ikiwa tu imeandikwa, bei imekubaliwa na pande zote zimetia saini kabla haijaanza."* Ujumbe wa WhatsApp ambao fundi amejibu "sawa" pia unasaidia, lakini saini ni bora.

## Hatua ya 5: Gawanya malipo ili pesa ifuate kazi

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili.

Kwanza, tenganisha pesa ya vifaa na pesa ya ufundi. Zikichanganywa, pesa ya vigae vyako inamalizia kazi ya mteja mwingine, na ya mteja atakayekuja baada yako ndiyo inayotarajiwa kununua vigae vyako. Wengi wanaotoroka hawakuamka na nia ya kuiba. Walikuwa na kazi tatu wanazozizungusha kwa mfuko mmoja, mzunguko ukakatika. Kwako wewe uliye na bafu lisilo na sakafu, tofauti hiyo haisaidii.

Pili, gawanya pesa ya ufundi kwa awamu zinazoonekana kwa macho. Tuseme mmekubaliana shilingi 60,000:

1. Vyombo na watu wamefika na kazi imeanza: asilimia 10, yaani 6,000.
2. Ubomoaji umekwisha na vifusi vimetoka: asilimia 15, yaani 9,000.
3. Mabomba na nyaya vimelazwa na kupimwa kabla ya kufunikwa: asilimia 25, yaani 15,000.
4. Dawa ya kuzuia maji imepimwa na vigae vimekamilika: asilimia 30, yaani 18,000.
5. Choo, sinki, taa na usafi: asilimia 10, yaani 6,000.
6. Akiba ya kasoro, hulipwa mwezi mmoja baadaye: asilimia 10, yaani 6,000.

Ukiitazama orodha hii utaona kwamba siku yoyote fundi akiondoka, pesa uliyobaki nayo inakaribia thamani ya kazi iliyobaki. Hicho ndicho kipimo. Mkipanga asilimia nyingine kwa kazi nyingine, pimeni hivyo hivyo.

Tatu, lipa kwa M-Pesa kwa nambari iliyoandikwa kwenye kandarasi, na siku hiyo hiyo uandike kwenye daftari: tarehe, kiasi, awamu, saini ya fundi. Usilipe kwa nambari ya "shemeji yangu, yangu ina Fuliza," yaani deni la M-Pesa linalokata pesa ikiingia tu.

Zile mia tano za nauli na elfu moja za chakula ziandike pia kama sehemu ya awamu inayofuata. Zikiachwa hivi hivi, kufikia wiki ya tatu hakuna anayekumbuka sawasawa, na kila mmoja anakumbuka kwa faida yake.

Onyo: utaletewa habari ya mtoto mgonjwa au matanga nyumbani, na mara nyingi ni kweli. Ukiguswa, toa mchango kama jirani, kiasi ambacho hutakidai. Usifungue awamu ya nne wakati ya pili haijaisha.

## Hatua ya 6: Nunua vifaa mwenyewe, kwa mafungu

Najua ina usumbufu, hasa kwa anayefanya kazi mbali na nyumba. Hata hivyo, sijaona kinga nyingine inayoizidi. Nenda hadiwea na fundi, achague aina, wewe ulipe na risiti iandikwe jina lako. Akisisitiza duka moja tu, huenda anapata kamisheni pale. Si dhambi, lakini ulizia bei maduka mengine mawili.

Nunua vya awamu iliyopo tu. Saruji ikikaa stoo yenye unyevu huganda. Mfuko ukiwa na madonge yasiyovunjika kwa vidole, usitumike.

Mabati: kadiri nambari ya geji inavyopanda, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Wengi hununua 32 wakidhani wamepanda daraja. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bati lenyewe pamoja na alama ya KEBS, shirika la viwango, usitegemee risiti peke yake.

Mchanga: jaza chupa nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache itulie saa chache. Matope yatajipanga juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka hilo likizidi kama sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo cha mchanga, lirudishe lori. Plasta ya mchanga wa matope hupasuka na kumenyeka.

Mwambie fundi mifuko mitupu ya saruji na makopo matupu ya rangi yasitupwe hadi uyahesabu jioni. Ukileta mifuko kumi na kuona mitupu sita, stoo inapaswa kuwa na minne.

## Hatua ya 7: Kagua kabla ya kufunikwa

Fundi akisema "tumeshafunika, kila kitu kiko sawa," umepoteza nafasi ya kuona. Andika kwenye kandarasi kwamba hakuna kufunika kabla ya kukaguliwa, na uje kweli siku unayoitwa.

Mabomba. Yajazwe maji yakiwa bado wazi, yazibwe, yalale usiku mzima na presha. Asubuhi pitisha karatasi ya choo kavu kwenye kila kiungo. Ikilowa, kiungo hicho kirudiwe. Piga picha ya kila ukuta ukiwa umeshikilia tepu, ili miaka mitatu baadaye mtu akitoboa ukuta kuweka kioo asipige bomba.

Umeme. Nyaya za taa kwa kawaida ni za milimita 1.5 za mraba, na za soketi ni 2.5. Shawa ya umeme inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23, kwa hiyo waya usipungue milimita 4 za mraba, na ufuate maagizo ya kiwandani yakitaka mnene zaidi. Waya wa ardhi lazima uwepo. Ile "shoti kidogo" ambayo watu wameizoea wakigusa bomba la kuoga ni nyumba isiyo na waya wa ardhi uliofungwa sawasawa, na imeua watu.

Kuzuia maji. Dawa ikikauka, ziba tundu la kutolea maji, mwaga maji hadi kina cha sentimita 2 au 3, weka alama ya penseli kwenye ukingo wa maji, funga mlango. Rudi baada ya saa 24. Maji yakishuka kupita kiasi kidogo cha kukauka, au dari ya chini ikionyesha doa, dawa irudiwe. Fundi atasema unachelewesha kazi. Siku moja hii ni rahisi kuliko kung'oa vigae vyote.

Mteremko. Sakafu ya bafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Mwaga ndoo kabla vigae havijalazwa na utazame maji yanakokimbilia. Yakielekea mlangoni, simamisha kazi.

Vigae. Chukua sarafu ya shilingi 20 na ugonge kila kigae katikati na kwenye pembe nne. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Kilicho na uwazi nyuma hutoa mlio wa debe. Weka alama ya penseli kwenye kila chenye mlio wa debe. Kimoja pembeni mwa ukuta kinavumilika. Sakafuni, na kwenye eneo la kuogea, king'olewe, kwa sababu kitapasuka siku ndoo itakapoangukia hapo. Fanya hivi kabla ya grauti, ile ya kujaza mianya kati ya vigae, ukiwa na fundi mwenyewe, ili asikie kwa masikio yake.

Saruji. Plasta na zege vimwagiwe maji angalau siku saba. Kwa jua la Kisumu la mchana, mara moja kwa siku haitoshi.

Paa. Kazi ya paa ipange Januari na Februari ukiweza. Upande wa Kakamega na Vihiga mvua ya alasiri haingoji msimu, kwa hiyo sharti liwe hili: asubuhi mnafungua sehemu mtakayoweza kuifunika kabla ya saa nane mchana, na turubai liwe juu tayari.

## Hatua ya 8: Pokea kazi kwa orodha

Tembea na fundi chumba kwa chumba, fungua kila bomba, washa kila swichi, flashi choo mara tatu mfululizo. Kila kasoro iandikwe na tarehe ya kurekebishwa. Lipa awamu ya tano orodha ikiisha. Ile elfu sita ya mwisho ikae hadi mwezi upite, na ikiwezekana mvua moja kubwa inyeshe. Ikifika siku yake, lipa bila kuzungushana. Fundi aliyelipwa kwa wakati ndiye atakayekuja Jumapili bomba likipasuka.

## Hatua ya 9: Akitoweka

Acha kulipa, na usibomoe wala kurekebisha kitu chochote kabla ya kupiga picha na video za kila kona.

Mtumie ujumbe wa maandishi: kazi iliyobaki ni hii, pesa uliyolipwa ni hii, rudi kufikia tarehe fulani. Siku 14 zinatosha. Lugha iwe ya heshima, kwa kuwa huenda hakimu akausoma.

Tafuta fundi mwingine aandike tathmini ya kazi iliyobaki na bei yake. Hesabu ya dai lako iko hapo. Kama mlikubaliana 60,000, umelipa 30,000, na kumalizia kunagharimu 45,000, bafu litakula 75,000. Hasara yako ni 15,000, pamoja na vifaa vilivyoharibiwa vyenye risiti. Usidai 30,000 yote wakati kuna kazi iliyofanyika. Utapoteza imani ya anayekusikiliza.

Usizuilie vyombo vyake bila ushauri wa kisheria. Unaweza kugeuka mshtakiwa. Polisi nao mara nyingi watakuambia kazi isiyokamilika ni kesi ya madai, isipokuwa kuna dalili za ulaghai tangu mwanzo, mfano alitumia kitambulisho cha mtu mwingine. Kwa kiasi kidogo, chifu au wazee wa mtaa hufaulu haraka, na mkikubaliana andikeni na mtie saini. Kama ni mkandarasi aliyesajiliwa, lalamika pia NCA.

Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi ifunguliwe. Nakuru na Kisumu zote zinayo. Nenda na kandarasi, daftari la malipo, jumbe za M-Pesa, risiti, picha, ujumbe wa onyo na tathmini ya fundi wa pili.

Karani atataka kujua mshtakiwa anapatikana wapi, kwa maana lazima akabidhiwe karatasi za kesi. "Fundi Otis wa Kondele" si anwani. Hapo ndipo utakapofungua ukurasa wa kwanza wa daftari na kutoa nakala ya kitambulisho.